Maji ya Chokaa ya Mwalimu Bernadetha

Mke wangu alifundisha kemia. Naanza na hilo kabla ya jina lake kwa sababu hata yeye mwenyewe, ukimuuliza yeye ni nani, angeanzia hapo. Jina lake ni Bernadetha, binti wa mzee Kisyeri wa Nyamwaga, na kwao walimwita Bhoke. Mimi ni Filemoni, mumewe. Nilifundisha Siasa na Kiswahili katika sekondari ileile, masomo yasiyohitaji chupa wala moto, ila chaki na mdomo tu, na kila tulipogombana hakusahau kunikumbusha jambo hilo.

Shule yetu ilikuwa juu ya kilima, na chini yake kulikuwa na migomba na mahindi ya kijiji. Maabara haikujengwa iwe maabara. Lilikuwa ghala la kahawa, mali ya chama cha ushirika, na vyama vilipovunjwa ghala likabaki halina mwenyewe, tukapewa. Miaka mingi baadaye mvua ikinyesha kuta zake bado zilinukia kahawa. Ndani kulikuwa na meza ndefu za mbao zilizotengenezwa na fundi wa kijiji, kabati moja lisilofungika, na bango la rangi za karatasi ya litimasi, ile ya kupimia asidi, ambayo wanafunzi hawakuwahi kuiona yenyewe.

Nazungumzia wakati ule baada ya vita vya Kagera, tulipoambiwa tufunge mikanda. Tuliifunga mpaka matundu yakaisha. Sabuni ya kufulia ilikuwa ya foleni, mafuta ya taa ya foleni, hata dawa ya mswaki ukiiona dukani unamuita jirani aje aone. Katika hali hiyo nani angekumbuka kupeleka asidi na mirija ya kioo juu ya kilima upande wa Nyamwaga? Lilikuja sanduku moja tu la vyombo vya kioo. Lilipanda lori Musoma likiwa zima, likashuka kwetu likilia kama njuga. Bernadetha alilifungua, akatazama vile vipande, akalifunga tena. Siku hiyo mchana sikumsogelea.

Lazima nieleze kwa nini kemia ilimuuma kiasi hicho. Yeye mwenyewe alisoma kwa masista, shule nzuri ya wasichana, lakini kemia waliisoma kwa kukariri. Aliandika kwenye mtihani kwamba haidrojeni ikiguswa na moto hulipuka kwa mlio mdogo, akapata alama zake, akafaulu vizuri. Mlio wenyewe alikuja kuusikia chuoni Dar es Salaam, akiwa mtu mzima. Aliniambia kwamba aliposikia ule mlio alicheka, halafu akaenda nje kulia, kwa sababu alijiona ametunga ushahidi wa jambo ambalo hakulishuhudia. Tangu hapo aliapa kwamba mwanafunzi wake hataandika kitu ambacho hajakiona kwa macho yake. Wengine huapa wataacha pombe, wakashindwa. Huyu aliapa hivyo na akashika.

Kwa hiyo alianza kuokota. Kule kwetu betri za redio zikiisha nguvu watu huzianika juu ya bati zipate jua, ziimbe siku mbili zaidi, na hazitupwi mpaka zianze kutoa machozi. Bernadetha alizunguka nyumba hadi nyumba akiomba zile zilizokwisha kabisa. Ganda la betri ni zinki, na zinki ikitiwa asidi hutoa haidrojeni. Unga mweusi wa ndani nao una kazi yake, ukikutana na dawa ya kuoshea vidonda ya zahanati hutoa oksijeni. Asidi aliipata kwenye betri ya trekta la kijiji, ambalo lilikuwa limesimama chini ya mti kwa kukosa vipuri na kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Aliomba ruhusa kwenye serikali ya kijiji na akapewa, maana trekta lenyewe lilikuwa la wote na halikuwa la yeyote.

Nyumbani kwangu hakikubaki kitu. Chujio la chai lilikwenda maabara. Birika la bati lilikwenda. Kikombe changu cha kioo, zawadi ya harusi yetu, kilikwenda, na nilipouliza niliambiwa kinapima ujazo vizuri kuliko kinavyobeba chai. Nikawa nakunywa chai kwenye bakuli kama mgonjwa. Wenzangu walinicheka na mimi nilinuna, lakini nilikuwa darasa la jirani siku wanafunzi waliposikia haidrojeni kwa mara ya kwanza. Ule mlio ulipotoka niliacha kusoma azimio lililokuwa mbele yangu, nikakimbilia dirisha la maabara. Wanafunzi wake walipiga kelele, wawili wakaingia chini ya meza, mpishi wa shule akaja mbio na mwiko mkononi. Yeye alikuwa amesimama katikati yao, mikono kiunoni, anacheka kama msichana. Nilijivunia sana mwanamke yule.

Hapo ndipo zikaja habari za mkaguzi. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Nikodemo, alituita ofisini akatueleza kwamba shule zisizo na majaribio ya kweli zitaondolewa kwenye mtihani wa kemia wa kidato cha nne, na wanafunzi wao watapewa somo jingine. Mkaguzi atakuja kuona kwa macho yake. Atachagua jaribio moja la kawaida la kidato, wanafunzi walifanye mbele yake, kisha atauliza maswali. Wakishindwa, basi. Kidato cha tatu kilikuwa na vijana wetu wazuri kuliko wote tuliopata kuwafundisha, na mmoja wao, Nyangi, binti mwembamba asiyesema mara mbili, alikuwa anataka kwenda kusomea udaktari. Bila kemia angebaki kuutamani tu.

Mkuu alianza maandalizi yake kwa kuagiza chokaa ili mawe yote ya njia ya kuingilia shuleni yapakwe meupe, kama ilivyokuwa desturi akija mgeni wa serikali au wa Chama. Bernadetha alichota kijiko kimoja kwenye gunia, akakoroga na maji, akaacha yatulie usiku kucha, asubuhi akachuja yale maji yaliyo juu, masafi kama ya kunywa. Hayo ndiyo maji ya chokaa. Ukipuliza pumzi yako ndani yake kwa mrija, hewa ya ukaa iliyo katika pumzi huyageuza yakawa meupe kama maziwa. Ni jaribio la kawaida, limo katika kila kitabu, na alikuwa na hakika mkaguzi atalitaka hilo.

Shida ilikuwa mrija. Ule wa kioo ulikuwa vipande sandukuni. Alijaribu mpira ambao dereva wa trekta alikuwa anafyonzea mafuta, ukaacha utando wa dizeli juu ya maji. Alijaribu mabua ya majani ya maboga, ambayo yana tundu ndani, lakini utomvu wake ulichafua maji yakawa meupe kabla mtu hajapuliza. Mwalimu Nikodemo alipoona hivyo alifurahi sana. Alimwambia kwamba shida imekwisha: mpe mtoto bua la boga, maji yatageuka tu, mkaguzi ataona meupe, atatia tiki, atakunywa soda, ataondoka.

Bernadetha alimtazama. Mimi naujua mtazamo ule, umenipata mara nyingi.

"Mkuu," alisema, "meupe hayo ni ya boga. Siwezi kuwafundisha watoto wa watu kusema ni pumzi."

Mkuu alisema kwamba hapa tunataka kuokoa somo, hatutaki kuokoa roho. Walibishana mpaka kengele ikalia, na usiku wake nikajaribu na mimi kwa upole wa mume. Nilimwambia kwamba uongo mdogo wa boga ni bora kuliko Nyangi kukosa udaktari.  Aligeukia ukutani, na asubuhi aliniambia nivae viatu, tunakwenda kwa baba yake.

Mzee Kisyeri alikuwa mzee wa ukoo, mtu wa ng'ombe na maneno machache. Kama wazee wenzake, alikuwa na mrija wake wa pombe. Wazee wakikaa kuzunguka chungu, kila mmoja huingiza mrija wake mrefu, na ncha ya chini ina kichujio kidogo kilichosukwa ili makapi ya mtama yasipande. Mmea unaotoa mirija hiyo hauoti kwetu, huletwa kutoka mbali, mwembamba, mwepesi, laini ndani. Katika ukoo wa mke wangu mrija wa mzee haunywewi na mdomo mwingine, hata wa ndugu. Hukaa ndani ya mwanzi wake, chini ya dari, juu ya kitanda chake. Na akifariki, huvunjwa vipande viwili mbele ya wenzake wa rika, vikazikwa naye. Hapo ndipo watu hujua kwamba kweli amekwenda.

Mkwe na mkwe huwa hawazungumzi wakikaziana macho, kwa hiyo mimi nilimwamkia, shikamoo, nikakaa pembeni kwenye kigogo, nikamwachia mwenye kemia yake. Alimweleza baba yake kwa Kikurya, taratibu, kuhusu mkaguzi, kuhusu Nyangi, kuhusu maji ya chokaa. Mzee alisikiliza huku akitazama ndama. Alipomaliza, mzee aliuliza kama hiyo pumzi inayotafutwa ni lazima iwe ya mtoto wa shule. Bernadetha alisema pumzi ni pumzi, hata ya mzee.

"Basi mrija wangu hautembei peke yake, Bhoke," mzee alisema. "Nitakuja nao mwenyewe, na nitapuliza mwenyewe."

Siku ya ukaguzi mawe ya njiani yalikuwa yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Mkaguzi alikuwa mtu mzima kidogo, ndani ya suti ya Kaunda ya rangi ya majivu, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani yake kila anapotaka kufikiri. Alitazama mawe, akamsifu Mkuu kwa unadhifu, kisha akasema twende maabara. Ndani alimkuta mzee Kisyeri ameketi kwenye benchi la mbele na blanketi lake begani, na kando yake rafiki yake wa rika, mzee Mogesi, aliyemsindikiza. Mkaguzi aliwaamkia shikamoo wote wawili, halafu akamtazama Mkuu kwa macho yenye swali. Mkuu alinitazama mimi. Mimi nilitazama paa.

Jaribio lililochaguliwa lilikuwa hilohilo. Wanafunzi walimwaga maji ya chokaa kwenye kile kikombe changu cha harusi, safi kabisa, wakaeleza kila hatua bila kukwama. Nyangi alimweleza mkaguzi kwamba atakayepuliza ni mzee huyu, kwa sababu mrija ni wake na una miiko yake, hauguswi na mdomo mwingine. Mkaguzi akasema vizuri, hakuna ubaya, mapafu ni mapafu. Mzee akatoa mrija kwenye mwanzi, akatumbukiza kichujio chake ndani ya kikombe, akauweka mdomoni, na darasa zima likasubiri.

Akafyonza.

Ningeweza kumlaumu nani? Mtu amekaa miaka yote hiyo na mrija mdomoni na hajawahi hata mara moja kuupuliza. Mrija kwetu ni wa kufyonza. Mtoto wa Kikurya anazaliwa anakuta babu yake anafyonza, anakua, anaoa, anazeeka, anafyonza na yeye. Mdomo wa mzee ulifanya kazi uliyoizoea. Maji ya chokaa yalipanda mrija wote mpaka yakafika, na mimi nikaona mashavu ya mkwe wangu yamesimama.

Maji yale ni machungu na yanakausha ulimi, ila funda moja haliui mtu. Mzee hakutema. Mtu wa heshima zake hatemi mbele ya watu kilichopita kwenye mrija wake. Alikaa nayo kidogo, akameza, akafuta midomo kwa kona ya blanketi, akamwambia Mogesi kwa Kikurya kwamba pombe hii haijaiva. Hakuna mwanafunzi aliyethubutu kucheka. Niliwaona wamejiuma midomo hadi machozi yanawatoka, na mimi pia nilikuwa nachungulia dirishani kwa nguvu sana. Bernadetha alimpelekea baba yake maji safi ya kusukutua, akampa kwa mikono miwili.

Maji yaliyobaki kikombeni yalikuwa safi vilevile. Mkaguzi aliyainua kwenye mwanga, akasema hayajabadilika. Mkuu alianza kuomba samahani, mzee hakuelewa, arudie tu, apulize. Lakini mkaguzi alikuwa ameshavua miwani anaifuta.

Aligeukia wanafunzi. Aliwaambia tuseme mzee anapuliza sasa, na maji yanakuwa meupe. Chumba hiki kina vumbi la kahawa na watoto wengi wanaohema. Atajuaje kwamba weupe huo umetoka kifuani mwa mzee, na si katika hewa hii tu ya chumba ambayo mzee ameivuta na kuirudisha ilivyo? Nani anaweza kumwonyesha, asimweleze kwa maneno ya kitabu, amwonyeshe?

 Swali hilo halikuwa kwenye daftari la mtu yeyote. Nilimtazama mke wangu na nilijua, kama ninavyolijua jina langu, kwamba jibu analo. Alisimama karibu na kabati, mikono nyuma, kimya. Mkuu alimkonyeza. Alimkonyeza tena. Nusura mimi mwenyewe nipaze sauti, nimwambie mama watoto sema, mbona unatuzamisha! Yeye hakusogeza hata nyusi. Swali limeulizwa kwa wanafunzi, na yeye alikuwa anawangoja wanafunzi, na kama lazima kuzama basi tutazama. Nilimkasirikia sana kwa muda ule, na leo hii ndilo jambo ninalomheshimu kuliko yote aliyowahi kufanya.

Nyangi ndiye aliyesimama. Aliomba ruhusa ya kusogea mezani, akakitazama kikombe, akamtazama mzee.

"Hewa ya nje ipite kwanza ndani ya maji kabla ya kufika kifuani," alisema. "Halafu ya kifuani ipite kwenye maji kama yale. Mzee ametuonyesha njia. Amefyonza."

Aliendelea kueleza kwa mikono. Wachukue chupa, waizibe. Kizibo kiwe na matundu mawili. Mrija mmoja ushuke mpaka majini, mwingine uishie juu, usiguse maji. Mtu akifyonza ule usiogusa maji, hewa ya nje italazimika kuingia kwa ule mrefu na kupita majini ikitoa mapovu. Hatapata maji mdomoni, atapata hewa tu. Kisha watabadilisha maji, na mtu yuleyule atapuliza kwa ule mrefu. Maji ni ya aina ileile, mirija ni ileile, kifua ni kilekile, kilichobadilika ni njia ya hewa tu.

Mkaguzi alivaa miwani. Alisogeza benchi akaketi, na hapo Bernadetha ndipo alipotembea. Chupa kubwa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ilikuwepo, imeshaoshwa. Kizibo alikitengeneza papo hapo kwa gunzi la mahindi, akatoboa matundu mawili kwa msumari wa moto. Akaijaza chupa maji ya chokaa hadi nusu. Halafu akasimama na lile gunzi mkononi, na nikaona uso wake unabadilika, maana matundu yalikuwa mawili na mrija ulikuwa mmoja.

Mzee Mogesi alikuwa na wake, ndani ya mwanzi wake, na alipoona macho yanamgeukia mkono wake ulifumba juu ya ule mwanzi. Sikumlaumu. Kuomba mrija wa mzee ni kama kumwomba akuazime meno.

"Tata," Bernadetha alimwambia baba yake, na sauti yake ilikuwa ndogo, "inatakiwa miwili."

Hakuomba zaidi ya hapo. Hakuwa na uwezo wa kuomba zaidi. Mzee Kisyeri alimtazama binti yake, akaitazama chupa, akamtazama Nyangi aliyekuwa bado amesimama na mikono hewani. Kisha akaingiza mkono chini ya blanketi akatoa kisu chake.

Mogesi alisimama mpaka benchi likaanguka. "Kisyeri, unafanya nini? Wewe hujafa."

"Nani amesema nimekufa?" mzee alijibu, wala hakuinua kichwa. "Nakata cha kwangu, kwa kazi ya mwanangu."

Akakata. Mrija mkavu hukatika kwa sauti, na chumba chote kiliisikia. Sisi Wakurya tuliokuwamo mle ndani, walimu na wanafunzi, tuliinamisha vichwa bila kupatana, kwa sababu sauti ile huwa tunaisikia kaburini. Mkaguzi, ambaye hakuwa wa huku, aliona watu wameinama, naye akavua miwani kwa heshima ingawa hakujua anamheshimu nani. Bernadetha alipokea vipande viwili kwa mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, alikuwa anapachika mirija kwenye gunzi: wenye kichujio ukashuka hadi majini, wa mdomoni ukaishia juu.

Mzee alifyonza. Safari hii alifyonza kama yuko chunguni kwa jirani tajiri, pumzi ndefu, na tena, na tena. Hewa ya ghala la kahawa ilishuka, ikapita kwenye kichujio cha pombe, ikatoa mapovu madogo madogo mazuri ajabu. Mkaguzi aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Yalikuwa maji safi, unaweza kuona mstari wa meza upande wa pili.

Wakamwaga, wakaweka mapya. Bernadetha alimwonyesha baba yake ule mrija mrefu, akamwambia huu ni wa kupuliza, Tata, upulize kama unawasha moto. Mzee alipuliza. Mwanzoni palikuwa na mapovu tu. Halafu pakaingia ukungu, halafu maji yote yakafumba, yakawa meupe kama maziwa ya asubuhi. Mzee Mogesi, ambaye alikuwa amenuna na kugeukia mlango, aligeuka akasogea akainamia chupa hadi pua ikakaribia kuigusa. Aliuliza kama hayo maziwa yametoka ndani ya Kisyeri. Nyangi akamwambia kwamba yako ndani ya kila mtu.

Mkaguzi alicheka kwa mara ya kwanza. Alisema amekagua shule zenye mabomba ya gesi na kabati za kioo, na swali lile ameliuliza kila mahali, na kila mahali amejibiwa kwa maneno. Akaomba na yeye apulize. Ndipo akakumbuka alichoambiwa kuhusu mdomo mwingine, akarudisha mkono.

Mzee Kisyeri alielewa. Aliichukua chupa mwenyewe, akamwekea mgeni mbele.

"Puliza," alisema kwa Kiswahili chake cha mnadani. "Huu si wa pombe tena. Ni wa shule. Wote wapulize."

Wakapanga mstari. Mkaguzi alipuliza, Mkuu alipuliza, wanafunzi wote wa kidato cha tatu walipuliza, kila mmoja akayaona maziwa ya kifua chake. Na mimi mwalimu wa Siasa nilipanga mstari nyuma ya watoto nikapuliza, nikageuka kumtazama mke wangu. Alikuwa anamwosha baba yake mikono kwenye karai, ingawa mikono ya mzee haikuwa na uchafu wowote.

Kemia ilibaki. Nyangi na wenzake walifanya mtihani wa vitendo mwaka uliofuata, na hakuna aliyeandika kitu ambacho hakukiona. Nyangi alikwenda Muhimbili. Mzee Kisyeri aliendelea kukaa na wenzake chunguni, lakini alikunywa kwa kibuyu, pembeni kidogo, na wageni walipouliza mrija wake uko wapi aliwajibu kwamba unasoma sekondari. Alilisema hilo kwa maringo yasiyo na kiasi. Mogesi alinilalamikia kwamba tangu siku ile mtu huyu havumiliki.

Alifariki miaka michache baadaye, wakati wa mvua ndefu. Wenzake wa rika walipokusanyika, Bernadetha alikuja na vile vipande viwili amevifunga kwenye kitambaa cheupe, alivyovitoa kwenye gunzi usiku uliotangulia. Alipiga magoti akamkabidhi mzee Mogesi avizike na baba yake kama inavyotakiwa. Mogesi alivifungua, akavitazama kwa muda mrefu, akavifunga tena, akamrudishia. Aliwaambia wazee kwamba mrija wa Kisyeri ulishakatwa akiwa hai, na yeye Mogesi alikuwepo, na aliukata mwenyewe kwa kisu chake, kwa hiyo hapa hakuna cha kuvunja. Wazee wakakubali.

Baada ya siku za msiba Bernadetha alirudi kazini. Nilikuwa napita nje ya maabara na vitabu vyangu, mvua imenyesha na kuta zinanukia kahawa, nikasimama dirishani bila yeye kuniona. Kidato cha pili kilikuwa kimeizunguka ile chupa. Kijana mmoja alikuwa ameshaweka mdomo kwenye mrija mrefu, mashavu yamebonyea, na Bernadetha akamshika bega.

"Pulizeni, msifyonze," aliwaambia. "Aliyeruhusiwa kuufyonza huu alikuwa mmoja tu."